Unga wa Safari ya Newala

Sijapata kuona safari iliyopangwa vizuri kama safari yetu ya kwenda Newala, na hatukwenda. Nasema mapema ili mtu asikae hapa akingoja nimwonyeshe mji wa mlimani, na ukungu wake na nyumba zake. Newala mimi nilikuja kuiona nikiwa bibi mwenye wajukuu, na hata siku hiyo sikutaka kushuka garini. Ninachokijua ni namna tulivyojiandaa, mama na mimi, katika nyumba yetu ya udongo huko Nambambo, miaka ile Wazungu wa karanga walipokuwa wamekwisha kushindwa na wanaondoka Nachingwea mmoja mmoja, wakiacha nyumba tupu ambazo milango yake ilikuwa ikijigonga yenyewe mchana kutwa.

Dada yangu, mkubwa wangu wa pekee, alikuwa ameolewa na kijana aliyekuja kwetu kufyeka mashamba ya hao Wazungu. Kwetu sisi mume ndiye anayehamia kwa wakwe. Anajenga, analima, na mama mkwe anamtazama kwa jicho la pembeni mpaka aridhike. Shemeji alifanya hivyo, sina neno naye, alikuwa mchapakazi. Lakini kazi ya karanga ilipokwisha akasema baba yake anaumwa, lazima arudi kwao, akamchukua dada wakapanda Newala. Mama alikasirika, tena si kidogo! Alisema binti yake amepandishwa mlimani kama gunia. Ila baba alikuwa amekwisha kufariki, na mjomba, kaka yake mama, ambaye ndiye mwenye kauli katika ukoo wetu, alikuwa amekwisha kuruhusu.

Basi, jua kali la kabla ya mvua likatukuta na habari. Kulikuwa na lori la mwenye duka mmoja wa Nachingwea, lililokuwa likipeleka chumvi na nguo Newala na kurudi na korosho, kila wiki, halikosi. Utingo wake alikuwa kijana mropokaji asiyeweza kuficha hata bei ya shati alilovaa. Alikuja mpaka uani kwetu, akakataa kukaa.

“Mama, binti yako mzito,” alisema. “Tumbo hili hapa! Anasema mje. Hataki kujifungulia mikononi mwa watu asiowajua.”

Mama aliuweka mchi chini. Nilijua anawaza nini, kwa sababu nami nilikuwapo. Mimba ya kwanza ya dada iliharibika angali kwetu, na damu ikakataa kukoma. Mama ndiye aliyekaa naye. Ndiye aliyejua achemshe majani gani na akandamize wapi, na hakutoka chumbani mpaka binti alipoomba uji. Wanawake wa Nambambo walisema wazi kwamba bila mama yule binti angekuwa kaburini. Sasa binti yuko mlimani na mama yuko huku.

“Mwambie tunakuja,” mama alisema. “Mwambie asiogope.”

Tulianza kujiandaa siku ile ile. Mama alikaanga karanga, akazitwanga, akafunga. Alipepeta ufuta. Alinunua kaniki mpya ya kumbebea mjukuu, akaifua mara mbili ili iwe laini. Akatoa sandukuni koti la baba, zito, la kaki, kwa sababu utingo alisema kule asubuhi watu wazima wanatetemeka meno. Kisha nikamkuta anasugua kibuyu kikubwa cha maji.

“Mama, na maji ya nini? Tunakwenda mjini au tunakwenda jangwani?”

“Nyamaza wewe! Dada yako anateremka mlima mzima kutafuta ndoo moja. Akijifungua atanawa nini, ukungu?”

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Sikujua kwamba ndivyo Newala ilivyokuwa kweli, mji uko juu na maji yako bondeni. Nilikuwa binti mdogo wa kuolewa, kichwa kimejaa safari. Tungelala Masasi, nikaona yale majabali makubwa niliyosimuliwa, halafu tungepanda mlima tumekaa juu ya magunia ya chumvi, na watu wa kule wangetushangaa. Nilikuwa nimekwisha kupanga hata kanga ya kushukia.

Lakini hakuna aliyetoka kwetu kwenda safari kubwa bila unga. Mwenye ukoo huchukua unga wa mtama uliotwangwa siku hiyo hiyo, jioni, akaumimina taratibu chini ya msolo, mti wetu wa matambiko, huku akiwaambia wazee waliotangulia ni nani anasafiri na anakwenda wapi. Unga unachongoka wenyewe kadiri unavyomiminwa. Unafunikwa kwa chungu. Alfajiri unafunuliwa: ukikutwa umesimama, nendeni, njia nyeupe. Ukikutwa umeanguka, fungueni mizigo. Na sisi ni Waislamu, tangu babu zangu. Mjomba alikuwa hakosi safu ya mbele siku ya Ijumaa. Mwalimu wa madrasa alikuwa akimsema sana kwa jambo hilo, naye humjibu kwa upole, “Mwalimu, wewe niombee kwa Mungu. Hawa wazee ni wangu mwenyewe, niache niwaamkie.”

Mjomba alikuwa akikaa Mbekenyera. Akaitwa, akaja kwa miguu na fimbo yake, tukampikia kuku.

Sasa tatizo ni kwamba msolo wetu haukuwapo tena. Mashine mbili zilizofungwa kwa mnyororo mnene zilipita pale wakati wa kufyeka, zikaung'oa pamoja na pori zima. Lilibaki shimo ambalo ungeweza kumficha ng'ombe. Likafukiwa, zikapandwa karanga, karanga zikagoma, watu wakaondoka. Likabaki shamba pana lisilo na mti hata mmoja, na trekta bovu limesimama katikati, nyasi zimelitokea tumboni. Mimi sikupenda kupita pale. Ndege hawakuwapo, maana hapakuwa na pa kutua. Ukitembea, sauti ya miguu yako ilikuwa ikikufuata nyuma imechelewa kidogo, nawe unageuka huku unajua hakuna mtu.

“Mti wameuchukua,” mjomba alisema. “Wazee hawakuwachukua. Wako hapa hapa.”

Akachuchumaa juu ya lile shimo lililofukiwa. Nilikuwa nimetwanga unga mimi mwenyewe, nikauchekecha mpaka ukawa mwepesi. Akaumimina baada ya magharibi, polepole, akiwatajia wazee safari yetu, akimtaja mama, akinitaja mimi, akitaja mlima. Ukasimama vizuri, umechongoka. Akaufunika kwa chungu kipya. Tukarudi nyumbani bila kugeuka, ndivyo inavyotakiwa.

Alfajiri mjomba alikifunua chungu. Unga ulikuwa umeanguka. Haukumwagika upande mmoja kama uliopigwa na upepo. Ulikuwa umezama katikati, na pale juu palikuwa na tundu, kama mtu ameushika kwa chini akauvuta. Chungu hakikuwa kimesogea. Nyayo zilikuwa zetu tu, za jana.

“Labda panya, kaka,” mama alisema.

“Panya gani anayeinua chungu akakirudisha?”

Nikatumwa mimi kwenda dukani kumwambia utingo. Aliniangalia na kucheka kidogo. “Unga?” Nikasema ndiyo, unga. “Na dada yako nimwambie nini?” Nikasema mwambie tunakuja na gari lijalo. Lori likaondoka mbele ya macho yangu, tupu nusu nzima, nafasi ya watu kumi.

Unga ukikataa, huulizi tena kesho yake kama mtoto anayelilia sukari. Unangoja mpaka safari nyingine iwepo. Tukangoja. Mama akawa anafungua mizigo na kuifunga upya. Karanga zilianza kunuka mafuta, akakaanga nyingine. Usiku halali, mchana hasemi. Nilimchukia mjomba wiki ile, nasema kweli, nilimchukia jinsi alivyokuwa akitafuna kuku wetu taratibu na kutoa mifupa mdomoni.

Mara ya pili tulikwenda alfajiri watatu vile vile. Mjomba akafunua chungu, na unga ulikuwa umesimama! Umesimama, mzima, ncha yake kali. Mama alipiga magoti kwa furaha. Akainama juu ya ule unga, akamwita dada kwa jina lake la utotoni, kwa sauti ile ya kumwita mtoto aliyekwenda kucheza mbali. Alivuta jina kama alivyokuwa akilivuta tulipokuwa wadogo.

Unga ukaanguka. Mbele ya macho yetu. Ulizama katikati bila kuguswa, na ardhi chini ya magoti yangu ikashuka kidogo, na ikatoka sauti. Ilikuwa sauti fupi, ya mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema neno. Kisha kimya. 

“Wamekataa,” mjomba alisema.

Hapo nikashindwa kuvumilia. “Mjomba, dada ndiye mwenye tumbo! Huu unga una tumbo? Unga utazaa?”

Mama alinifinya. Mtoto wa kike kumsemesha mjomba hivyo, kwetu, ilikuwa balaa. Nilidhani mjomba ataninasa kofi. Hakuninasa. Alikaa kwenye chuma cha lile trekta, akavua kofia yake, akasema mambo ambayo sikupata kuyasikia kabla. Alisema mama hakuwa dada yake wa pekee. Kulikuwa na mkubwa. Alitaka kwenda harusini Marambo, unga ukaanguka, naye yeye mjomba, kijana wakati huo, akamcheka na kumwambia twende, unga ni chakula. Simba akamchukua njiani, mchana, akiwa nyuma yake hatua chache. Mjomba alirudi nyumbani na kanga ya dada yake tu.

“Nimebaki na dada mmoja,” alisema. “Unataka nimpeleke mlimani kwa miguu yangu?”

Hasira haikuniisha, lakini nilikiokota chungu, tukarudi nyumbani.

Siku zile zile mwalimu wa madrasa alisikia, akaja mwenyewe shambani na fimbo. Akachomachoma pale chini, fimbo ikaingia mpaka mkononi. “Udongo huu ni wa kufukia,” alisema. “Huko chini mizizi inaoza, ardhi inatitia. Hata jiwe ukiliweka litainama. Pelekeni huo unga wenu pengine, kama lazima, au panda garini, mama, uende kwa mwanao, Mungu yupo.”

“Pengine hawapo wazee wangu,” mjomba akamjibu. “Na nieleze, mwalimu. Kwa nini udongo ulingoja mpaka mtoto wetu alipoitwa ndipo ukatitia?”

Mwalimu alitazama ile fimbo yake, akaifuta udongo, akaenda zake. Mama alimfuata kwa macho mpaka alipopotea. Nilimwona anataka kumfuata kwa miguu pia. Usiku ule nilimwambia, mama, tutoroke, gari likija tupande, mjomba atajua tukiwa Masasi. Akasema, “Na nikifa njiani, dada yako atazalishwa na nani?” Kumbe na yeye alikuwa amekwisha kuogopa. Ile pumzi aliisikia kama nilivyoisikia mimi.

Utingo safari hii hakucheka. Alisema dada sasa hatembei, miguu imevimba. Alisema, “Mama, nafasi ya mbele kwa dereva nimewawekea.” Mama akamwambia asubiri kidogo tu, mpaka kesho alfajiri.

Mara ya tatu unga tuliukuta umelala chali, umeenea chini ya chungu, na chungu kilikuwa na joto. Nilikishika mwenyewe, kilikuwa na joto kama paji la uso la mgonjwa. Mjomba alikuwa amemkataza mama asiite. Lakini mama aliinama mpaka shavu likagusa udongo, akaita. Akaita tena. Hakuacha. Aliita jina lile la utotoni mpaka sauti ikakwaruza, na kila akiita, huko chini kulikuwa na kitu kinachosogea, kidogo kidogo, udongo ukinyonya unga. Mimi nilikuwa nikilia waziwazi. Mjomba alimshika mabega akamwinua kwa nguvu. Uso wa mama upande mmoja ulikuwa mweupe kwa unga, naye hakuufuta mpaka tulipofika nyumbani.

Lori likaenda.

Ile wiki iliyofuata mvua ilijikusanya isinyeshe. Mjomba akamimina unga mara nyingine. Alfajiri akafunua. Ulikuwa umesimama. Mama akapiga magoti, akaita, sauti ya chini sana. Unga haukutikisika. Akaita tena. Ardhi ilikuwa ngumu na tulivu, ardhi ya kawaida tu, siafu wakipita.

“Alhamdulillahi!” mjomba alisema. Alilia, mzee yule, akacheka na kulia. “Njia nyeupe, dada. Gari likifika leo, kesho mnapanda.”

Mama hakuinuka. “Mbona kimya?” aliuliza.

“Kimya ndiyo ruhusa yenyewe.”

“Mbona kimya, kaka?”

Nilimvuta mkono. Nilikuwa nimefurahi, msinilaumu. Tulirudi nyumbani nikafunga mizigo yote mimi mwenyewe, nikajaza kibuyu maji, nikavaa kanga yangu ya safari siku moja mapema. Mama alikaa kizingitini akiangalia njia. Hakuniambia hata niivue.

Alasiri tukasikia lori linaingia mjini. Baada ya muda akatokea utingo, amebeba kifurushi kichwani. Na mbele yake alikuwa anatembea dada yangu.

Alikuwa amekonda mpaka shingo imekuwa ndefu. Alitembea taratibu, miguu mbalimbali, kama anavyotembea mwanamke aliyetoka uzazi. Mama aliruka. Alimkumbatia, akamzungusha, akamtazama mgongoni. Mgongo ulikuwa mtupu. Akamzungusha tena, ati labda hakuangalia vizuri.

“Yuko wapi?”

“Nimemwacha kule, mama.”

“Kwa baba yake?”

“Tumemzika.”

Utingo alikiweka kifurushi chini, akaondoka bila kusema hata kwaheri. Kutoka Newala mpaka kwetu ni mwendo mrefu, unalala njiani, na yule kijana mdomo wake haukuwa ukifungwa hata na vumbi. Nilijua pale pale kwamba amekwisha kumwambia dada kila kitu. Habari za unga, za mjomba, za nafasi ya mbele kwa dereva iliyokwenda na kurudi tupu.

Tulimkalisha mkekani. Mama alimshika miguu, anaikanda, anaikanda, kana kwamba bado kuna la kufanya. Dada alisimulia bila machozi. Mtoto alikuwa wa kiume, alikaa vibaya tumboni, wakahangaika naye siku nzima na usiku. Alilia mara moja tu alipotoka. Wale bibi waliokuwa wakimzalisha walikuwa watu wazuri, ila hawakujua wamfanye nini zaidi.

“Lakini nilikusikia, mama,” alisema. “Alfajiri moja, kabla ya uchungu, niko jikoni nawasha moto, nikasikia unaniita nje. Jina lile la utotoni, ambalo kule hakuna anayelijua. Nikaitika abee, nikatoka mbio na tumbo langu. Ukungu mtupu. Halafu siku yenyewe ya uchungu uliniita sana. Hukuacha. Wale bibi walinikandamiza nisiinuke, wakasema naweweseka, na mimi naitika tu, abee mama, niko huku, ingia.”

Mama aliacha kukanda. Mjomba, aliyekuwa amekaa mlangoni, aliinuka, akatoka, akaiacha kofia yake chini. Mwalimu alisema udongo ulikuwa ukititia, na mpaka leo sina ugomvi na mwalimu. Lakini nilikuwapo, niliona ni lini ulititia na ni lini uliacha.

“Sikusikia ukiitika,” mama alisema. “Wallahi, mwanangu, sikusikia.”

Dada aliegemea ukuta. Alikuwa akiitazama ile mizigo yetu iliyopangwa vizuri karibu na mlango, na koti, na kibuyu, na mimi na kanga yangu ya safari.

“Wale bibi walikuwa wakiniuliza,” alisema, “mwenzetu, mama yako yuko wapi? Nikawaambia mama yangu yuko njiani ila amekosa gari. Angekuwa amepata gari asingeniacha.” Akamgeukia mama. “Ndivyo, mama? Mlikosa gari?”

Mama alinitazama mimi, nikaangalia chini.

“Ndiyo, mwanangu,” mama alisema. “Tulikosa gari.”

Dada alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akauchukua mkono wa mama, akaurudisha juu ya mguu wake ili aendelee kukanda.

“Basi,” alisema, “sikuwadanganya.”